Croce katika Kiingereza

Katika Estetica (1902), Benedetto Croce, mwanafalsafa wa Italia, alishikilia kwamba umbo na maana havitengani. Kwa hiyo tafsiri kamili haipatikani. Mfasiri ama huipunguza kazi ya asili, ama huzaa kazi nyingine kwa kuichanganya na hisia zake. Kinachowezekana ni mfanano tu, kama wa watu wa ukoo mmoja.

Ajabu ni kwamba wengi wetu tumeisoma hoja hiyo katika tafsiri. Toleo la Douglas Ainslie la 1909 lilitoa sehemu ya historia kwa muhtasari. Lile la 1922 likaileta kamili. Colin Lyas alifasiri upya mwaka 1992, lakini nadharia peke yake.

Anayemnukuu Croce bila kumtaja mfasiri na toleo hajatuambia amesoma nini. Kwa wanaisimu jambo hili si dogo. Nadharia inafungwa kwa dai zito kwamba isimu na ujumi ni taaluma moja. Lakini ni katika historia ndimo Croce anamowapima Vico na Humboldt, na pasipo kurasa hizo dai lenyewe huonekana limezuka ghafla.