Jiko la Chumvi ya Uvinza

Msafiri apandaye garimoshi hapa Usoke kuelekea magharibi, akishazipita Urambo na Kaliua, huwasili Uvinza, penye chemchemi za maji ya chumvi karibu na mahali mto Ruchugi unapoingia Malagarasi. Na chumvi iliyopikwa huko kwa kuni na vyungu ndiyo iliyokuwa ikichukuliwa vichwani na mabegani kwa njia hii ya misafara, ije kukoleza mboga za Unyamwezi, zamani sana kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipita huko mwaka 1858, lakini wataalamu wa mambo ya kale waliochimbua ardhi yake mwaka 1967 walipata dalili kwamba kazi hiyo ilikuwapo tangu yapata karne ya 5 au ya 6.

Kwa rai yangu, ustadi wa wapishi wale haukuwa katika chumvi, ambayo Mwenyezi Mungu alikwisha kuiweka majini, bali katika moto. Kuyachemsha maji ni kazi ndogo. Kuyageuza mvuke ndiko kunakokula kuni, kwani joto la kuikausha lita moja iliyokwisha kuchemka hupita mara tano lile lililoitoa katika ubaridi wa barafu hadi mchemko.

Basi atakaye kujijengea jiko la namna hiyo na achimbe handaki jembamba kuliko chombo chake, alikandike kwa udongo wa kichuguu, mdomo auelekeze upepo utokako, na nyuma asimamishe dohani, ili moto ulambe kitako chote kabla moshi haujatoka. Chombo na kiwe kipana, kina chake kifupi, maana mvuke hutoka usoni pa maji. Chungu chenye shingo hurudisha ndani matone yaliyokwisha kupanda. Hata Kanada, wanakochemsha utomvu wa mti wa mepo, ambao lita 40 huzaa takriban lita 1 ya shira, hutumia masinia mapana ya bati kwa hoja iyo hiyo.

Maji yakikaribia kwisha, uso wake hufanya utando kama wa maziwa, chembe za pembe nne hushika ukingoni, na mchemko uliokuwa ukivuma huanza kutatarika. Hapo kuni huvutwa nje, yabaki makaa, kwani chumvi nzito juu ya moto mkali huruka na kugandamana na chombo.

Huko Uvinza kazi hiyo ilikuwa ya kiangazi, mto usipofunika chemchemi. Mvua zikirudi, majiko yalizimwa, watu wakashika majembe, na visiki vya miyombo vikachipua.