Sataranji: Fikiri Kabla ya Kugusa

Mama, mtoto akikuomba ubao wa sataranji, usiharakishe kumjibu kwamba huo ni mchezo wa watu wasio na kazi. Sataranji, ambayo wengi huiita chesi, huchezwa na watu wawili kwenye ubao wenye nyumba 64, kila mmoja akiwa na kete 16. Hakuna dadu wala karata za kuficha. Hushinda yule aliyeona mbele zaidi.

Katika mashindano kuna kanuni moja ngumu: ukiigusa kete kwa nia ya kuicheza, huna budi kuicheza hiyo hiyo, hata ukitambua kwamba unajiangamiza. Kwa hiyo mchezaji huuzuia mkono wake na kujiuliza: Mwenzangu amekusudia nini? Nikicheza hivi, atajibu vipi? Je, hakuna njia iliyo bora?

Maswali hayo yanafaa nyumbani pia. Tuseme mchuuzi anakuja mlangoni na vitenge vizuri: chukua leo, ulipe mwisho wa mwezi. Lakini mwisho wa mwezi ndipo ada ya shule inapodaiwa. Ukishapokea, umekwisha kuigusa kete. Ndivyo lilivyo pia neno kali kwa mume au wifi, likitoka halirudi.

Mwaka 2004 Robert Katende alianza kuwafundisha sataranji watoto wa Katwe, mtaa wa maskini jijini Kampala, Uganda, akiwapa na uji. Miongoni mwa waliokuja baadaye alikuwa Phiona Mutesi, binti wa mama mjane, aliyekuwa ameacha shule kwa kukosa ada. Msichana huyo aliiwakilisha nchi yake katika mashindano ya dunia huko Urusi mwaka 2010 na Uturuki mwaka 2012, na mwaka 2016 maisha yake yalionyeshwa katika filamu.

Hata hivyo, tusitazamie miujiza. Uchunguzi uliofanywa katika shule 100 za Uingereza, na kutangazwa mwaka 2016, haukuona kwamba masomo ya sataranji yaliinua alama za hesabu za watoto mwaka mmoja baadaye. Busara ya ubaoni haihamii jikoni au darasani yenyewe. Yahitaji mtu wa kuivusha.

Mtu huyo ni wewe mzazi. Baada ya mchezo, muulize mtoto: “Kwa nini ulicheza vile?” Kisha msikilize bila kumkatiza. Siku atakapokuja na hasira, akitaka kulipiza kisasi kwa mwenzake, mrudishie swali analolijua: “Ukifanya hivyo, yeye atafanya nini?”

Kama fedha ni haba, chora nyumba 64 kwenye kadibodi, na vizibo 32 vya soda, vikitiwa alama, vitatosha kuwa kete. Baba naye aalikwe kucheza. Na wewe mama, usiwe mtazamaji tu.