Dhima ya Dhambi na Mlango wa Rehema

Mkristo akaaye Madogo, mji ulioko ng'ambo ya mto Tana mkabala na Garissa, ambako majirani zake walio wengi ni Waislamu, hana budi kuwa na jibu la suali lililo zito kuliko linavyosikika: maadamu Masihi amekwisha kutoa kafara ya dhambi, mja amebakiwa na dhima gani?

Asili ya jibu ni kitabu cha nabii Ezekieli, mlango wa 18. Mayahudi waliokuwa uhamishoni Babeli, katika karne ya 6 kabla ya Kristo, walikuwa wakinung'unika kwamba wateswa kwa makosa ya baba zao. Nabii akaibatilisha hoja hiyo, akafundisha kuwa mwana hatatozwa uovu wa baba wala baba uovu wa mwana, na kwamba mwovu atakayeiacha njia yake ataishi. Kurani nayo, katika Sura ya Al-An'am, yakataa nafsi moja kutwikwa dhambi za nyingine. Hadi hapa majirani wawili hawana hitilafu. Hitilafu yaanza pale Mkristo anaposema kwamba Masihi alijitwika mzigo huo kwa hiari yake, na kwamba mwenye kutubu na kumwamini husamehewa kwa ajili yake.

Msamaha huo ndio ufunguao mlango wa rehema. Katika hekalu la Yerusalemu palikuwa na pazia lililotenga Patakatifu pa Patakatifu, ambapo kuhani mkuu peke yake aliingia, mara moja kwa mwaka, siku ya upatanisho. Injili ya Mathayo yasimulia kuwa Yesu alipokata roho pazia hilo lilipasuka toka juu hata chini. Na Waraka kwa Waebrania, mlango wa 10, wabainisha maana yake, ya kuwa waumini sasa wana ruhusa ya kumkaribia Mungu kwa ujasiri.

Madhehebu hayakulifahamu jambo hili kwa namna moja. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliwapasa Wakatoliki kuungama kwa padri walau mara moja kwa mwaka, ilhali Kanisa lafundisha kuwa padri huondolea dhambi kwa mamlaka ya Kristo, si yake. Wafuasi wa Martin Luther, baada ya mwaka 1517, walishika kuwa kila muumini ni kuhani. Mafundisho ya jamii hii ya pili ndiyo yaliyofika Tana ya chini, walipoanza kazi wamisionari Wajerumani wa shirika la Neukirchen mwaka 1887 na kuweka makao Ngao. Na mwanzoni mwa karne ya 20 Mpokomo wa huko akapata Agano Jipya kwa lugha yake, akaweza kujisomea mwenyewe habari za toba yake.

Walakini kumwendea Mola bila wasita hakumwondolei mja haki za waja wenziwe. Zakayo, katika Luka 19, aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Kadhalika Walokole wa uamsho uliotokea Gahini, Ruanda, ukafika Kenya mwaka 1937, waliungama hadharani, wakarudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni waliyokuwa wameyakana.

Fundisho hili lina uzito wa pekee katika kaunti zetu. Mauaji ya kijiji cha Riketa, mwezi wa Agosti 2012, na yale yaliyofuata katika delta ya Tana, yaliwaangamiza wanawake na watoto ambao kosa lao halikuwa ila kuzaliwa katika kabila fulani. Kisasi cha namna hiyo huitoza nafsi moja deni la nyingine, jambo ambalo Ezekieli alilikataza waziwazi. Basi Mkristo adaiye kuwa mlango wa rehema u wazi mbele yake asimhukumu jirani kwa dhambi ya nduguye, bali atubie yake mwenyewe kwa Mola, kisha amwendee yule aliyemkosea amlipe haki yake.