Mficha Uchi Hazai: Kovu la Zamani na Operesheni ya Kukaza Tumbo

Wahenga wetu walituachia msemo: mficha uchi hazai. Ulisemwa juu ya mwanamke mwenye uchungu, ambaye akimwonea haya mkunga atajidhuru yeye na mwanawe. Msemo huo unamhusu pia mwanamke aliyekwisha kupasuliwa tumbo, na ambaye sasa ataka kulikaza tumbo hilo kwa operesheni nyingine.

Jambo hili huku kwetu huzungumzwa kwa minong'ono. Utasikia harusini, "Fulani alikwenda Nairobi, amerudi hana tumbo." Asemaye hucheka, na asikiaye huficha hamu yake. Hapana aulizaye swali la maana: je, alikuwa na kovu, na kovu hilo lilikuwa wapi? Mimi nimeipita njia hiyo, na nimeonelea niyaeleze niliyoyaona ili yawafae wengine.

Wako wasemao kwamba kushughulikia tumbo ni mambo ya kuiga Wazungu. Hao hawazijui ada zao. Mkunga alipomaliza kumkanda mzazi kwa maji ya moto, alimfunga mkaja, kile kitambaa kirefu kinachozungushwa tumboni kikakazwa barabara, na mzazi akakaa nacho siku zake za arubaini. Heshima ya kitambaa hicho iliingia hata katika mambo ya ndoa: bwana arusi hutoa kilemba cha baba na mkaja wa mama, kulishukuru tumbo lililomzaa mkewe.

Lakini mkaja una mpaka wake. Ngozi iliyovutika kupita kiasi hairudi kwa kufungwa. Na ile misuli miwili iliyosimama katikati ya tumbo, ikiachana wakati wa mimba, mara nyingine haikutani tena. Mwanamke akabaki na tumbo la mbele kama mja mzito. Operesheni ya kukaza tumbo huondoa ngozi na mafuta yaliyozidi, na huishona misuli ile irudi pamoja. Wala si jambo la jana. Mwaka 1899, Howard Kelly, daktari wa wanawake mjini Baltimore, Marekani, aliandika habari za kukata ngozi na mafuta ya tumbo lililoning'inia.

Mimi nilikuwa na makovu mawili. La kwanza liko chini, mahali nilipopasuliwa mara mbili kutolewa watoto. La pili liko juu, chini ya mbavu za kulia, nilipotolewa kifuko cha nyongo. Daktari aliyenipima alilitazama lile la chini, akaridhika upesi. Alinieleza kuwa kovu la namna hiyo aghalabu limo ndani ya ngozi itakayokatwa, na huondoka pamoja nayo. Lile la juu ndilo alilolishika kwa muda mrefu, akauliza nilipasuliwa mwaka gani, na kidonda kilipona vipi.

Sababu yake ni hii. Ngozi ya tumbo huishi kwa damu iletwayo na mishipa. Katika operesheni kamili, ngozi huinuliwa kutoka chini ya kitovu hadi karibu na mbavu, na mishipa mingi ya katikati hukatwa. Ibakiayo kuilisha ni ile itokayo ubavuni. Sasa kovu la nyongo limekwisha kuikata njia ya damu upande wa kulia. Ngozi iliyo chini yake ikivutwa na kukazwa, yaweza kukosa damu, ikawa nyeusi, ikafa, na kidonda kikachukua miezi kupona.

Kovu refu la katikati ya tumbo nalo lina yake. Damu haivuki kovu kwa urahisi, na pengine chini ya mshono wa zamani imejificha ngiri, utumbo ukawa umepenya humo. Daktari asiyejua yaliyopita, kisu chake chaweza kuufikia utumbo huo kabla ya macho yake.

Daktari wangu alisema waziwazi kwamba hatanifanyia operesheni kamili. Alinishauri ile ndogo: ainue njia nyembamba ya katikati tu apate kuishona misuli, na ngozi nyingine aiache na mishipa yake. Tumbo halingekuwa bapa kama la msichana. Nilikubali. Leo juu ya kitovu pana kilima kidogo, lakini misuli imeshikana na ngozi yangu ni nzima. Wako waniulizao kama fedha hazikwenda bure. Mimi huona nilinunua usalama.

Je, dini yasemaje? Sura ya An-Nisaa, aya ya 119, imetuonya juu ya kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Papo hapo, hadithi ya Arfaja bin As'ad yajulikana. Alikatwa pua katika vita vya Kulab, akaweka ya fedha ikamletea uvundo, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru aweke ya dhahabu. Mwaka 2007, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Putrajaya, Malaysia, lilitenga mambo haya mawili: kurekebisha kasoro na kuondoa madhara kuna ruhusa, lakini kubadili umbile la kawaida kwa kufuata matamanio hakuna. Kwa hivyo misuli iliyoachana au ngiri si sawa na tamaa ya kiuno chembamba. Mwulize sheikh wako, na umweleze aliyoyasema daktari, kwani hata yeye hawezi kutoa jawabu la haki kwa habari nusu.

Baada ya operesheni utakwenda umeinama siku kadhaa, na kusujudu kwaweza kuvuta mshono. Mgonjwa ameruhusiwa kuswali ameketi, na kupangusa juu ya bandeji. Mimi nilifungwa mkanda mpana tumboni kwa wiki sita, na bibi mmoja jirani alipouona alisema, "Kumbe ni mkaja!"

Mwenye nia na asubiri mpaka amalize kuzaa na uzito wake utulie. Avute subira pia mpaka kovu la mwisho lipoe kabisa. Amtaje daktari kila kisu kilichopita tumboni mwake, hata cha utotoni, na kama aliwekewa wavu wa ngiri. Aseme kama ana sukari, kama avuta sigara, kama ameza vidonge vya kupanga uzazi, na kama damu iliwahi kumganda miguuni, maana hilo la mwisho huua. Ahakikishe daktari ameandikishwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, na kwamba upasuaji wa aina hii ndio fani yake.

Aonaye haya atafute daktari wa kike, au afuatane na dada yake. Lakini akishalala kitandani, na ayafunue makovu yote.