UNAJUA KUSOMA? UNAWEZA KUGOMBEA

Kama unasoma maneno haya mwenyewe, bila kusomewa na mtoto wako, umekwisha timiza sharti moja kubwa la kuwa kiongozi wa kijiji chako. Pengine hukujua. Leo nataka tuzungumze habari hiyo.

Kazi yangu ni ya shamba. Napita vijijini katika wilaya yetu ya Same, kutoka tambarare ya Makanya na Hedaru mpaka milimani Suji, Chome na Mbaga. Nazungumza na wakulima juu ya mahindi, maharage, tangawizi na vitunguu. Lakini mara nyingi maneno ya shamba hugeuka kuwa maneno ya uongozi. Nikiuliza kwa nini mfereji umeziba, naambiwa mwenyekiti hakuitisha msaragambo. Nikiuliza kwa nini ndiva inavuja, naambiwa fedha zilichangwa, lakini hazijulikani zilipo. Nikiuliza, "Sasa kwa nini hamkuchagua mtu mwingine?" naambiwa, "Bwana Shamba, hakuna aliyejitokeza."

Hakuna aliyejitokeza! Shamba lisilo na mwenyewe huota magugu. Na kiti kisichogombewa hukaliwa na yeyote anayekitaka.

WAZEE WETU WALITAKA KUULIZWA

Sisi watu wa Upare tunajua ubaya wa kuamuliwa mambo bila kuulizwa. Wakati wa utawala wa Waingereza ililetwa kodi iliyoitwa mbiru. Kila mtu alikadiriwa mali yake, kisha akatozwa kwa kadiri hiyo. Wafumwa waliikubali, lakini watu wa kawaida hawakuulizwa. Mwezi wa Januari mwaka 1945, maelfu ya watu walishuka kutoka milimani wakakusanyika hapa Same, makao makuu ya wilaya. Wanawake nao waliingia katika upinzani huo. Mwishowe kodi ile iliondolewa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyezaliwa Upare, ameandika habari zake.

Wazee wale hawakuwa na sanduku la kura. Ilibidi waache mashamba yao na kutembea kwa miguu ili wasikilizwe. Wewe leo unalo sanduku la kura. Unaweza kupiga kura, na unaweza pia kupigiwa kura.

VITI VYA KIJIJI NI VIPI?

Kijiji kinagawanyika katika vitongoji. Kila kitongoji kina mwenyekiti wake. Kijiji kizima kina mwenyekiti wa kijiji. Ipo pia Halmashauri ya Kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inasema halmashauri hiyo iwe na watu wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Wenyeviti wa vitongoji wamo ndani yake. Wanawake wametengewa nafasi zao, lakini hawafungiwi humo. Mwanamke anaweza kugombea uenyekiti wa kitongoji au wa kijiji kama mwanamume.

Usimchanganye mwenyekiti na mtendaji. Mtendaji wa kijiji huajiriwa. Mwenyekiti huchaguliwa na ninyi.

Uchaguzi wa vijiji hufanyika kila baada ya miaka mitano. Wa mwisho ulikuwa tarehe 27 Novemba, 2024. Kwa hesabu hiyo, mwingine unatazamiwa mwaka 2029. Usiseme ni mbali. Mkulima mzuri huandaa shamba kabla ya mvua.

MASHARTI YA KUGOMBEA

Haya ndiyo masharti makubwa yaliyotumika mwaka 2024. Yasome polepole.

1. Uwe raia wa Tanzania.
2. Uwe na umri wa miaka 21 au zaidi.
3. Uwe mkazi wa kijiji au kitongoji unachotaka kukiongoza.
4. Ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza.
5. Uwe na kazi halali inayokupatia riziki. Kilimo ni kazi halali. Ufugaji ni kazi halali. Kuuza ndizi sokoni ni kazi halali.
6. Uwe mwanachama wa chama cha siasa, na chama hicho kikudhamini.
7. Uwe na akili timamu, na usiwe na hatia ya mahakama inayokuzuia, kama ya kosa la kukosa uaminifu.

Sasa soma tena sharti la 4. Halisemi uwe umemaliza sekondari. Halisemi uwe na cheti. Linasema ujue kusoma na kuandika. Hata kwa ubunge, Katiba ya nchi yetu, Ibara ya 67, inataka mtu awe na umri wa miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe amependekezwa na chama cha siasa. Haitaji shahada.

Sharti la 6 huwakwaza wengi. Mtu husema, "Mimi sina chama, nitasimama peke yangu." Kwa sheria zetu haiwezekani. Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, na uko huru kuchagua unachokipenda. Lakini mgombea lazima apitie chama. Kwa hiyo ukitaka kugombea, jiunge mapema, hudhuria vikao, ujulikane. Usingoje wiki ya fomu.

FOMU NDIYO MLANGO

Mwaka 2024 fomu zilichukuliwa na kurudishwa kuanzia tarehe 26 Oktoba mpaka tarehe 1 Novemba. Zilikuwa siku 7 tu. Uteuzi wa wagombea ulifanyika tarehe 8 Novemba. Kampeni zilianza tarehe 20 na kwisha tarehe 26 Novemba. Kesho yake watu wakapiga kura.

Hebu nikusimulie habari ya mama mmoja wa mlimani. Sitamtaja jina wala kijiji. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, wajukuu wake wakimcheka. Shamba lake liko chini ya ndiva. Unajua desturi yetu: maji hujaa ndani ya ndiva usiku, na asubuhi hufunguliwa, kila mtu kwa zamu yake. Lakini mahali pale zamu zilikuwa zimevurugika. Wa juu walimwagilia mara mbili, wa chini wakakosa. Maharage ya mama yule yalikauka yakiwa na maua. Akaniambia, "Bwana Shamba, umenifundisha kupanda kwa mstari. Sasa nifundishe kugombea, maana mstari bila maji ni bure."

Alichukua fomu ya uenyekiti wa kitongoji. Kijana mmoja akajitolea kumjazia. Mama akakataa. Alikaa chini, akaanza na karatasi ya kawaida, akaandika majibu yote kwa kalamu ya risasi. Kisha akanakili kwenye fomu kwa herufi kubwa. Usiku akaisoma tena kwa taa. Akaona kosa! Mahali pa jina lake alikuwa ameandika jina la Mama Fulani, kama majirani wanavyomwita. Jina hilo silo lililo katika kadi yake ya chama. Asubuhi alitembea saa mbili kwenda kuomba fomu nyingine, akaipata, akaijaza upya. Kiongozi wa chama chake akaidhamini na kupiga mhuri. Akairudisha siku mbili kabla ya mwisho.

Ndugu msomaji, usione kwamba mama yule alijisumbua bure. Mwaka 2019 wagombea wengi nchini, hasa wa vyama vya upinzani, waliondolewa. Sababu iliyotolewa mara nyingi ilikuwa makosa katika fomu. Vyama hivyo vilisema vimeonewa, na vingine vikajitoa katika uchaguzi. Mwaka 2024 malalamiko ya namna hiyo yalisikika tena. Kwa hiyo wewe mgombea usimpe mtu sababu. Fanya haya:

Andika jina lako kama lilivyo katika karatasi zako zote.
Usiache nafasi wazi inayotakiwa kujazwa.
Hakikisha sahihi na mhuri wa chama vipo.
Baki na nakala yako.
Rudisha fomu mapema, na ujue aliyeipokea ni nani.

Jina lako likikatwa, usirudi nyumbani ukalalamike jikoni. Kanuni zinakupa haki ya kuweka pingamizi na kukata rufaa. Lakini siku zake ni chache sana. Nenda mara moja, na uandike. Neno la mdomo hupotea. Barua hubaki.

MPIGA KURA NAYE ANA SHARTI

Kugombea bila wapiga kura ni sawa na kupanda bila mvua. Anayepiga kura awe raia, awe na miaka 18 au zaidi, awe mkazi wa kitongoji, na awe amejiandikisha.

Hapo kwenye kujiandikisha ndipo watu hupotea. Watu husema, "Mimi ninayo kadi ya kupigia kura." Kadi hiyo ni ya uchaguzi mkuu, yaani wa Rais, wabunge na madiwani, unaosimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Uchaguzi wa vijiji husimamiwa na TAMISEMI, na una orodha yake, inayoandikwa kitongojini. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa tarehe 11 mpaka 20 Oktoba. Aliyelala siku hizo hakupiga kura, hata kama alikuwa na kadi.

KURA SI YA KUUZA

Wakati wa kampeni utaona watu wanaogawa sukari, kanga na noti. Hiyo ni rushwa, na ni kosa kwa anayetoa na kwa anayepokea. Lakini tuache sheria kwanza. Chukua kalamu tupige hesabu. Mtu anakupa shilingi 5,000. Uongozi ni miaka 5, yaani miezi 60. Gawa 5,000 kwa 60. Haifiki shilingi 84 kwa mwezi! Je, hiyo ndiyo bei ya mfereji wako, zahanati yako na ardhi ya watoto wako?

Chagua kiongozi kama unavyochagua mbegu. Hununui mbegu kwa sababu mfuko wake una picha nzuri. Unauliza ilizaa vipi msimu uliopita. Mtu naye muulize: alishika fedha za kikundi zikafika? Alikuja kwenye msaragambo, au alituma udhuru?

UKISHASHINDA

Kiti cha kijiji si kigoda cha mfumwa. Mwenye nguvu kijijini ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani ninyi nyote wenye miaka 18 na zaidi. Mkutano huo huitishwa kila miezi mitatu. Hapo mapato na matumizi husomwa mbele ya wote. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla ya Mkutano Mkuu kukubali. Mwenyekiti anayegawa ardhi peke yake anavunja sheria.

Na kiongozi asiyefaa si wa milele. Angalia jimbo letu la Same Mashariki. Mwaka 2005 Ndugu Anne Kilango Malecela wa CCM alichaguliwa kuwa mbunge. Mwaka 2015 wananchi walimchagua Ndugu Naghenjwa Kaboyoka wa CHADEMA. Mwaka 2020 Ndugu Kilango akarudi. Wote wawili ni wanawake. Asiambiwe tena binti wa Kipare kwamba siasa ni kazi ya wanaume.

Na yule mama wa ndiva? Hakushinda. Alishindwa kwa kura chache. Nilipokwenda kumpa pole alikuwa anapalilia. Akasema, "Pole ya nini? Watu wamekwisha jua kwamba ninajua kusoma." Mkutano Mkuu uliofuata alisimama akaomba orodha ya zamu za maji iandikwe na kubandikwa ubaoni. Watu wakamwunga mkono. Orodha ikabandikwa. Mimi nimeiona. Bado wapo wanaoruka zamu, lakini sasa kila mtu anaweza kuwaonyesha kwa kidole mstari waliouvunja. Na mama anasema mwaka 2029 atachukua fomu tena.

Ndugu msomaji, wewe je? Kama wewe hugombei, jirani yako mwaminifu anaweza. Nenda ukamwambie. Masharti haya msomee, na gazeti ukimaliza mpe.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wa kijiji wana tofauti gani?
2. Taja masharti manne ya mtu anayetaka kugombea. Ni wangapi katika darasa lenu wanaoyatimiza?
3. Mkutano Mkuu wa kijiji chenu ulifanyika lini mara ya mwisho? Je, mapato na matumizi yalisomwa?
4. Kwa nini mama wa ndiva alikataa kujaziwa fomu na mtu mwingine?