Paa la kijivu lililovunjwa: Tahadhari na vumbi la asbestosi



Ndugu msomaji, safu yetu ya afya na usafi leo inajibu suala lililotufikia kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa, upande wa Mbamba Bay. Ndugu yetu mmoja amenunua nyumba ya zamani na ameanza kuikarabati. Paa lake si la bati la kawaida, bali ni la mabati mazito ya kijivu yenye mawimbi, mfano wa saruji. Fundi amekwishavunja upande wa jikoni kwa nyundo. Vipande vimelundikwa uani, watoto wanavitumia kuchora sakafuni kama chaki, na jirani ameomba yale yaliyosalimika akaezekee banda la mbuzi. Ndipo mpita njia akamwambia kuwa hiyo ni asbestosi na inaleta saratani. Anauliza: je, ni kweli? Na kile kilichokwishavunjwa akifanyeje?

Jibu la kwanza ni fupi. Kazi isimame leo hii, na watoto waondolewe kwenye lundo lile. Mengine tutayaeleza taratibu.

Asbestosi ni jiwe la ajabu. Ukilipasua halitoi kokoto, linatoa nyuzi kama za pamba. Nyuzi hizo haziungui, haziozi wala hazishiki kutu, na kwa sababu hiyo viwanda vya karne iliyopita vilizipenda sana. Zilichanganywa na saruji, kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi au zaidi kidogo, yakapatikana mabati ya kuezekea, mbao za dari, mabomba ya maji na matangi. Hapa kwetu shule, zahanati na nyumba nyingi za watumishi ziliezekwa hivyo, na Bungeni wabunge wameuliza zaidi ya mara moja ni lini mapaa hayo yataondolewa.

Maadamu bati ni zima, saruji imezishika zile nyuzi na madhara ni madogo. Balaa huanza linapopigwa nyundo, linapokatwa kwa msumeno au grenda, linapotobolewa, au linapochakaa likawa linamomonyoka. Nyuzi huruka hewani, na ni nyembamba kuliko unywele mara nyingi mno, hata jicho haliwezi kuziona. Mtu akizivuta hufika ndani kabisa ya mapafu na baadhi yake hazitoki tena. Zinaweza kuyakakamaza mapafu mtu akawa anahema kwa taabu, zinaweza kuleta saratani ya mapafu, na zinaweza kuleta saratani ya utando unaozunguka mapafu, ambayo ni nadra lakini haina huruma. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbestosi zinasababisha saratani, na linakadiria kuwa watu zaidi ya 200,000 hufariki kila mwaka duniani kutokana na kuivuta kazini.

Kinachowadanganya watu ni muda. Ugonjwa huchukua miaka 20, 30, hata 40 kujitokeza. Fundi anavunja paa leo, kesho yuko mzima, anasema maneno hayo ni ya kutishana tu. Mwaka 1960 madaktari wa Afrika Kusini walitangaza habari za wagonjwa 33 wa ile saratani ya utando, karibu wote wakiwa na uhusiano na eneo la migodi ya asbestosi ya jimbo la Cape. Wengine hawakuwahi kufanya kazi mgodini. Waliishi tu karibu nayo, au walicheza hapo utotoni. Ndiyo maana tumeanza na watoto na chaki yao.

Hata hivyo, ndugu yetu asikate tamaa kwa vumbi la siku moja au mbili. Hatari huongezeka kwa wingi wa vumbi na kwa muda mtu aliolivuta, ingawa hakuna kiwango kinachojulikana kuwa ni salama kabisa. Anayevuta sigara yuko hatarini zaidi, kwani viwili hivyo vikikutana huongezeana nguvu. Fundi mvuta sigara aambiwe hilo waziwazi. Na aliyeanza kukohoa wiki hii asiseme ni asbestosi. Akikohoa wiki mbili aende akapimwe kifua kikuu.

Je, utaitambuaje? Bati la chuma ukiligonga linalia, hili linatoa sauti nzito kama ya kigae. Sumaku hailishiki. Halina kutu, ila huota kuvu na ukoka. Pale lilipovunjika mara nyingine utaona vinyuzi vimechomoza. Lakini jicho halitoi hukumu ya mwisho, kwani yapo mabati ya saruji yanayofanana nalo yasiyo na asbestosi, na mwenye uhakika ni maabara yenye hadubini. Kwa nyumba ya zamani, usipopata kipimo, lichukulie kuwa ndilo.

Kama paa lako bado zima, liache. Usilisugue kuondoa ukoka na usipige misumari mipya. Wengi huuliza kuhusu maji ya mvua ya kutawadhia na kunywa yatokayo kwenye paa hilo. Kinachojulikana zaidi ni madhara ya kuvuta nyuzi, siyo kuzinywa, na maji hayaharamiki kwa hilo. Bora tu tangi lisafishwe likiwa na maji, siyo likiwa kavu.

Sasa lile lundo la uani. Lisifagiliwe kwa ufagio mkavu hata mara moja, hasa pale ambapo upepo wa ziwa hauishi. Limwagiwe maji taratibu, yenye sabuni kidogo, mpaka lilowe. Vipande viokotwe bila kuvunjwa zaidi, vifungwe kwa nailoni nzito tabaka mbili na vibandikwe gundi. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa kilicholowa, na kitambaa hicho kifungwe pamoja na taka. Barakoa za kitambaa kama zile za wakati wa korona hazifai hapa. Inatakiwa ile nzito ya mafundi inayokaza usoni, yenye alama ya FFP3 au P100. Kuchoma moto ni ujinga wa hatari: nyuzi haziungui, na bati lenyewe hupasuka kwa kishindo na kurusha vipande.

Nguo za kazi nazo zina habari yake. Katika nchi zenye viwanda hivi wapo wanawake waliougua kwa kufua nguo za waume zao tu. Fundi asirudi nyumbani na vumbi akakumbatia wanawe. Nguo zisikung'utwe. Zilowekwe papo hapo na zifuliwe peke yake.

Kwa upande uliobaki wa paa, tunamshauri asipande mtu bila maandalizi. Mabati haya ya zamani huonekana imara lakini hukatika ghafla, na mafundi huanguka kutoka juu ya kenchi. Amwone bwana afya wa kata au wa halmashauri. Tangu mwaka 2012 Nyasa ni wilaya yake, hivyo hana haja ya kupanda hadi Mbinga. Kisheria hii ni taka hatarishi iliyo chini ya usimamizi wa NEMC. Haitupwi ufukweni, haijazwi kwenye mashimo ya barabara, wala haifukiwi kwenye ngoro shambani. Halmashauri ndiyo itakayomwonyesha mahali pa kuifukia.

Kenya iliyapiga marufuku mabati haya mwaka 2006, na Afrika Kusini mwaka 2008, nchi ambayo yenyewe ilikuwa ikiyachimba madini hayo.

Limebaki la jirani na mbuzi wake. Kumpa bila kumwambia ni kumficha aibu ya kitu, na akiuziwa ni vibaya zaidi. Hukumu ya kuficha kasoro ya bidhaa kila mmoja wetu anaijua. Hata akiambiwa na akakubali, ataitoboa kwa misumari na watoto wake watakuwa chini wakishika mbuzi. Amwambie ukweli, na mabati yale yafungwe pamoja na mengine.