Kwa nini "s" huchoma masikio redioni, na jinsi tunavyoituliza

Msikilizaji, huenda umewahi kusikia mtangazaji akisema "sasa ni saa sita na dakika saba" na kila "s" ikakuchoma sikio kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Wengi hupunguza sauti ya redio. Shida ni kwamba ukipunguza sauti kwa sababu ya "s", tangazo lote linafifia, pamoja na tarehe ya chanjo uliyokuwa unaisubiri.

Weka kidole kooni useme "zzz", kisha "sss". Kwenye "z" koo linatetemeka. Kwenye "s" limetulia. "S" ni hewa tupu inayopenya kati ya ulimi na meno, na nguvu yake nyingi iko juu, takribani kati ya mitikisiko 4,000 na 10,000 kwa sekunde. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa besi, kwa hiyo sauti hizo za juu zinabaki peke yake, hazina kitu cha kuzifunika.

FM nayo inaongeza chumvi. Kabla ya kurusha matangazo, mtambo hukuza sauti za juu, kwa karibu desibeli 10 zinapofika mitikisiko 10,000. Redio yako huzishusha tena, na mvumo wa hewani unashuka pamoja nazo. Utaratibu ni mzuri, ila "s" iliyotoka studio ikiwa kali inagonga dari la mtambo na kukufikia ikikwaruza.

Hapo ndipo tunatumia di-esa. Ifikirie kama mtu aliyeshika kitufe cha sauti: akisikia "s" anashusha, ikipita anarudisha, yote ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde.

Kuirekebisha kunataka sikio zaidi ya macho. Mtangazaji anasoma sentensi yenye "s" nyingi, fundi anaanza kwenye mitikisiko 6,000 hivi, halafu anapanda na kushuka polepole hadi apate mahali panapouma. Kwa wanawake mara nyingi ni juu zaidi kuliko kwa wanaume, ndiyo maana hatutumii mpangilio mmoja kwa watangazaji wote. Kisha anashusha kizingiti, yaani kiwango ambacho "s" ikikivuka chombo kinaamka. Mshale ukicheza hata kwenye "a" au "m", ameshusha mno. Kupunguza desibeli 3 hadi 6 kwa kawaida kunatosha.

Kwa nini tusiimalize kabisa? Kwa sababu Kiswahili hakitaki mchezo na herufi hii. "S" iliyobanwa kupita kiasi inakuwa kama ya mtu mwenye kithembe, na samani zinageuka thamani. Ukikata sehemu yake ya juu kabisa, kinachobaki kinaelekea kwenye "sh". Tangazo la sindano za mbuzi likisikika kama shindano la mbuzi, mfugaji atacheka tu na kuendelea na kazi zake, na mbuzi watabaki bila chanjo. Sisi tunaona heri "s" yenye ukali kidogo kuliko iliyotafunwa.

Kazi nyingine inafanyika kabla ya di-esa: maiki ikae umbali wa kama sentimita 15, pembeni kidogo ya mdomo, ili hewa ya "s" ipite bila kuipiga usoni. Glasi ya maji nayo husaidia, maana kinywa kikavu hupiga miluzi.

Unapotupigia simu hali ni kinyume. Simu ya kawaida hukata sauti karibu na mitikisiko 3,400, hivyo sehemu kubwa ya "s" inabaki njiani, na ndiyo sababu tunakuuliza mara mbili kama jina lako linaanza na "s" au "f". Laini hiyo hatuipitishi kwenye di-esa. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hubeba zaidi, kwa hiyo ule tunaupitisha. Ukiurekodi, shika simu karibu na shavu badala ya mbele ya mdomo, na kama kuna namba ndani yake, itaje polepole.